Siku yangu kwenye chumba cha katheta

Saa kumi na moja alfajiri natafuta bodaboda Kawempe. Saa moja nimeshahesabu waya, katheta (mirija myembamba ya kupitisha kwenye mishipa hadi moyoni), puto na stenti, vile vibomba vya wavu vya kuuacha mshipa wazi. Wengi hudhani muuguzi wa chumba hiki kazi yake ni kushika trei.

Mgonjwa wa kwanza ni mama wa Bombo. Miezi minne iliyopita alibadilishiwa valvu ya aota, mlango wa moyo unaoingia kwenye mshipa mkuu wa damu. Kidonda kilipona vizuri, kisha akaanza kubanwa kifua kila akipanda kilima. Kituo cha kwanza alikokwenda walimwambia ni maumivu ya mshono, wakampa vidonge. Jambo hilo linaniuma sana.

Anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kwa hiyo hatuanzi bila INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda. Chupa ya damu haikujaa, maabara wakaikataa. Tukamtoa nyingine, tukasubiri hadi saa tano. Mwanawe, aliyeambiwa kwamba mshipa unaolisha moyo umebana, akawa anagonga mlango kila mara.

"Sista, si mlisema moyo umepona? Mafuta yametoka wapi, na mama hata nyama hali?"

Simlaumu. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamchorea nyuma ya karatasi ya glavu. Si mafuta, kaka. Wakati wa upasuaji, dawa ya kusimamisha moyo huweza kumiminwa kwa vijirija kwenye midomo ya mishipa inayolisha moyo, pale inapochipuka kutoka aota. Mdomo ukichubuka, huota kovu, na kovu hubana. Mara nyingi huonekana ndani ya miezi 6 ya mwanzo.

Saa sita tukaingia. Tangu hapo sikutazama saa. Aproni ya risasi ya kuzuia eksirei mabegani, macho kwenye mawimbi ya presha kwenye skrini, kwa maana katheta ikiziba ule mdomo mwembamba, mawimbi hulala na moyo hukosa damu.

"Presha inashuka, daktari!"

Anairudisha nyuma. Tunangoja mawimbi yainuke. Tunajaribu tena. Presha inashuka. Tena. Wapasuaji walikuwa tayari kumfungua kifua upya wampandikizie mshipa, na mama yuko macho, ananisikia kila ninaposema. Mara ya tano waya ukapita. Puto likajazwa, likatolewa, kovu likajirudi kama mpira. Tukatumia puto gumu zaidi. Kisha stenti, ikiachwa itokeze kidogo tu ndani ya aota ili mdomo wote ufunikwe.

Mawimbi yakainuka, yakabaki hivyo.

Jioni nikamweleza kijana: warfarini inaendelea, klopidogreli, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, inaongezwa, fizi zikitoka damu au choo kikiwa cheusi, mlete mbio. Akatoa mfukoni ile karatasi ya glavu, akaandika yote chini ya mchoro.