Siku moja maishani mwangu: mwelimishaji jamii, chupa ya chumvi na magunia mawili

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri nakaanga chumvi. Naimwaga kwenye kikaango kikavu, naikoroga mpaka iache kushikana, naiacha ipoe kidogo kisha naifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Chumvi ikibaki na unyevu wa usiku, kipimo changu cha mchana, cha kujua kama mahindi yamekauka, kitadanganya, na mkulima akishadanganywa mara moja hakusikilizi tena.

Mimi ni mwelimishaji jamii katika programu ya chuo kikuu kimoja hapa Morogoro, ule upande wa chuo unaotoka nje ya geti na kuwafuata wakulima vijijini, kuwafundisha kukinga mahindi yao na sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Ndugu zangu wakisikia "chuo kikuu" wananiona nimesimama mbele ya ubao, wanafunzi wananiita dokta. Vijijini wakisikia "chuo kikuu" macho yanatafuta gari na bahasha za posho. Kazi yenyewe haimo kwenye picha hizo mbili, na ndiyo maana leo naandika siku nzima, ya Julai hii, ilivyokwenda.

Saa kumi na mbili na robo niko Msamvu, nimepakata begi: chupa mbili kavu, chumvi, mifuko mitatu ya kuhifadhia nafaka, turubai, karatasi za mahudhurio. Basi la Dodoma. Dakawa, pale alipofariki Waziri Mkuu Sokoine kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, huwa nanyamaza kidogo; marehemu baba alikuwa akipita hapo lazima avue kofia. Dumila wauza nyanya wanagonga vioo. Saa tatu kasoro nashuka Gairo kwenye ule upepo wake wa baridi, afisa ugani ananisubiri na pikipiki.

Saa tatu na nusu tunafika kijijini. Mkutano uliitishwa saa tatu. Mbele ya ofisi ya kijiji kuna mbuzi wanne na mtoto mmoja.

"Kuna msiba, dada," mtendaji ananiambia. "Mzee wa kitongoji cha juu amefariki usiku. Watu wote wako huko."

Mtu wa ofisini angesema ratiba imevurugika. Mimi nilifunga kitenge juu ya suruali, nikatoa rambirambi yangu, tukapanda mlima. Huwezi kuwafundisha watu habari ya chakula chao huku umeruka matanga yao. Nilikaa na kina mama nyuma ya nyumba, nikapewa kisu na beseni la viazi vitamu, nikamenya. Pale ndipo nilipojua mengi kuliko ningejua mkutanoni: nani amevuna, nani ameuza yote kulipa deni, nyumba ipi watoto wanaumwa matumbo. Saa saba tukazika. Saa nane na nusu mtendaji akaniambia kwa upole, "Sasa mwalimu, wako tayari kukusikia." Watu 41, wengi miguu yao ingali na udongo wa makaburini.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Unaweka mahindi theluthi moja ya chupa kavu, unaongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa dakika moja, unaacha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15, hayajafaa kuhifadhiwa. Salama ni asilimia 13.5 kushuka. Nilitumia mahindi ya aina mbili, ya mwenyekiti na ya kijana mmoja aliyeapa kwamba yake yamekauka kabisa. Ya mwenyekiti chumvi ilishuka yote chini kama mchanga. Ya kijana ilibaki juu, nyeupe, imeshikilia kioo. Chupa ikapita mkono kwa mkono, watu wanaigonga kwa kucha, haishuki. Huwa sisemi neno wakati chupa inazunguka.

Ndipo mzee mmoja, fimbo katikati ya magoti, akaomba kusema.

"Binti, shikamoo yako tuliipokea. Lakini mimi hapa nina miaka sabini na kitu. Ukungu tumeula, baba yangu aliula. Kwenye miaka ya themanini alikuja Scania akamaliza ghala zima, na wataalamu walikuja vile vile na dawa zao. Leo unatuambia ukungu unaua?"

Wasiojua: Scania ndilo jina walilopewa dumuzi, yule mdudu mweusi mdogo aliyeingia nchini kwa upande wa Tabora, akageuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia. Wazee hawajamsahau. Na mzee hakuwa mbishi wa bure. Aliuliza jambo la haki. Sumukuvu haina harufu yake wala rangi yake. Ukungu unauona, sumu yenyewe huioni. Haifi kwa kuchemsha, haifi kwa kukaanga, haifi ukitengeneza togwa wala pombe. Mara nyingi haiui leo wala kesho, inakula ini taratibu, miaka na miaka, na mtu akifa tunasema amelogwa au siku zake zimefika. Ikizidi ndipo inaonekana. Nikamkumbusha mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara, si mbali na pale tulipokaa: watu macho yamekuwa manjano, matumbo yamejaa maji, familia moja moja zilizokula chungu kimoja. Walikufa watu wapatao 20. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, walikufa 125. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amekubali. Alisema, "Endelea," na kwa mzee wa pale hilo si neno dogo.

Tulipofunga, mama mmoja akanivuta pembeni. "Mwalimu, njoo uone kwangu. Sikutaka kusema mbele za watu."

Hapo sikuangalia saa tena.

Nyumbani kwake kulikuwa na magunia manne, yote ya ile mifuko isiyopitisha hewa, nailoni mbili ndani na kiroba nje. Aliinunua mwaka jana baada ya mafunzo yetu, kwa pesa yake ya karanga, na bado anakumbuka namna ya kukamua hewa, kusokota na kufunga kila nailoni peke yake. Mawili yalikuwa mazima. La tatu alipolifungua, harufu ilinifikia nikiwa mlangoni.

Alikuwa amevuna mapema kwa kuogopa wezi shambani, akapukuchua, akaanika siku mbili, akafunga. Tena gunia lile lile ndilo alilokuwa akilifungua kila siku ya tatu kuchota ya kusaga, hewa inaingia, unyevu upo, joto lipo. Mfuko ule unaua wadudu kwa kuwanyima hewa. Haukaushi kitu. Ukiuwekea mahindi mabichi unakurudishia ubichi wako. Nilisema hayo mwaka jana? Nilisema. Lakini nakumbuka kwamba siku ile tulitumia muda mrefu kwenye mfuko, kwa sababu mfuko ndio mpya na ndio watu waliotaka kuushika, na kukausha nikakupitia juu juu kwa kuwa kila mtu alisema anajua kuanika. Mama huyu alifuata alichokiona kimetiliwa uzito. Nimesimama mbele ya gunia lile nikijua sehemu ya kosa ni yangu.

Tulitandika turubai uani. Gunia la tatu lilitoka mabonge mabonge, ukilivunja bonge ndani ni kijani na vumbi. La nne lilikuwa bovu juu, chini lina nafuu. Tukakaa chini sote, mimi, mama, binti zake wawili na afisa ugani, kuchambua punje kwa punje: iliyobadilika rangi huku, iliyovunjika huku, iliyotobolewa huku. Nataka anayedhani kazi hii ni kupiga picha na wanakijiji akae kwenye turubai lile saa moja tu. Mgongo unawaka, vumbi la ukungu linaingia hata ukifunga kitambaa puani, macho yanaanza kuona kila punje ni mbovu, kisha kila punje ni nzima.

"Haya mabaya nitawapa kuku," mama akasema.

Nikamwambia hapana, na sababu nikampa. Sumu hii yenyewe iligunduliwa kwa ndege: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ng'ombe je? Ng'ombe ataipitisha kwenye maziwa, na maziwa watakunywa hawa hawa wajukuu.

Akanyamaza. Kisha akasema jambo ambalo ndilo hasa lililonichosha siku ile, kuliko safari na kuliko mlima. Kuna dalali alipita asubuhi. Ameona gunia la tatu, amesema atalichukua kwa bei ya chini, atalichanganya, litapita.

"Likishafika sokoni, mwalimu, nani atajua limetoka kwangu?"

Sikuwa na pesa ya kulinunua gunia lile. Programu haina fungu la kufidia mahindi ya mtu. Nilichokuwa nacho ni maneno, na ningemwambia maneno hayo mtu mwenye wajukuu watano na miezi tisa mbele yake kabla ya mavuno. Nilimwambia tu kile ninachokiamini: kwamba kuna mama mwingine, Dar es Salaam au hapo jirani, atakayelisonga ugali akamlishe mtoto aliyeachishwa ziwa juzi, na hatakuwa na chupa wala chumvi ya kumwonya. Hakunijibu. Binti yake mkubwa ndiye aliyeinuka akaenda kutafuta jembe.

Ya gunia la nne yaliyochambuliwa yalijaa debe tatu na ushee. Kuchambua kunapunguza sumu, hakumalizi, kwa hiyo nikachota sampuli ya kilo moja kwenye mfuko wa khaki niipeleke maabara. Ikisoma zaidi ya mikrogramu 10 za sumu kwa kilo, nayo haitaliwa. Mpaka majibu yaje, ale ya yale magunia mawili mazima, na ayakoboe kwanza. Jua lilikuwa limeshazama. Mama akanifungashia viazi vitamu kwenye kanga kuukuu. Nilikataa mara mbili, mara ya tatu ningemkosea adabu.

Basi la mwisho lilikuwa limepita. Dereva wa Noah akanipakia Gairo, nikalala kichwa kikigonga kioo, sijui Dumila tulipita saa ngapi.

Nyumbani ilikuwa saa tano kasoro usiku. Fomu ya ripoti ina kisanduku: waliofikiwa. Nikaandika 41, wanawake 27. Kwenye maoni niliandika kwamba mafunzo ya mwezi ujao yaanze na kuanika, siku nzima iwe ya kuanika, mifuko ibaki garini mpaka mchana. Nikaiweka sampuli juu ya kabati, mbali na unga wa nyumbani.

Simu ikalia. Afisa ugani, kwa ujumbe mfupi: "Mama anauliza, kuku wanafukua sana. Shimo liende kina gani?"

Nikamjibu: "Limfike kiunoni. Na juu aweke mawe."