Siku yangu Namanga: ushuru ulikwisha, karatasi zikabaki

Saa 11 alfajiri

Mimi ni wakala wa forodha hapa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Simu ya kwanza ni ya dereva. Yuko Longido na tani 28 za mahindi alizopakia Kibaigwa, anauliza aendelee au alale kidogo. Namwambia aje. Simu ya pili inatoka Nairobi kwa mwenye mzigo: "Boss, gari yangu iko wapi? Watu wa mashine ya kusaga wananingoja hapa." Namtuliza. Karatasi zake zilishaingia kwenye mfumo jana: tamko la forodha, cheti cha uasili (kinachoonyesha bidhaa imetoka nchi gani), cheti cha afya ya mimea na kibali cha Kenya cha kuingiza. Kazi ya wakala wa forodha ni kuhakikisha karatasi zinafika kabla ya gari.

Saa 1:30 asubuhi

Navuka kwenda upande wa Kenya kushughulikia mizigo inayotoka Tanzania. Mgeni hushangaa hapo. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018 na Rais Magufuli na Rais Kenyatta, gari linaloondoka Tanzania linapita jengo letu bila kusimama na kumaliza kila kitu kule linakoingia. Kwa hiyo maafisa wa TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, wanaohusika na mizigo inayotoka wamekaa ndani ya jengo la Kenya, na wenzao wa KRA ya Kenya wako ndani ya jengo letu.

Wasafiri wanaona foleni imepungua, basi. Mimi naona jambo zito zaidi. Nchi mbili zimekubali kwamba afisa wa Uhamiaji wa Tanzania akiwa ndani ya ardhi ya Kenya, mita chache kutoka kwenye bendera ya Kenya, amhoji mtu na kumzuia kwa sheria ya Tanzania. Kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayoruhusu hilo. Zamani nchi ziliwahi kupigana kwa kidogo kuliko hicho.

Saa 2:30

Kina mama wa vitunguu wamefika. Vitunguu vya Mang'ola, vyekundu, vimejaa Fuso moja waliyoikodi pamoja. Dalali mmoja ameshawashauri waandike mzigo wote kwa jina lake "ili iwe rahisi".

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu anasema tukiandika jina moja tunapita haraka."

Hapana. Utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ni wa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kila mama akiwa na magunia yake na ankara yake, anapata cheti cha uasili kilichorahisishwa, kinagongwa muhuri na afisa wa forodha papo hapo, wala hahitaji wakala. Wakiunganisha mzigo wote kwa jina moja, wanavuka kiwango hicho, na hapo watahitaji tamko kamili pamoja na mtu kama mimi wa kulijaza. Dalali analijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana anawashauri hivyo.

Nawaelekeza dirishani. Sipati hata shilingi, ila mama wa aina hii akikua na kufikia mzigo wa semitrela, ananikumbuka.

Jambo moja huwa linawachanganya. Wamesikia redioni kwamba Afrika Mashariki hakuna ushuru, wakaelewa hakuna chochote. Utaratibu rahisi umeondoa ushuru na ugumu wa fomu. Haukuondoa cheti cha afya ya mimea. Leo wote wanacho, isipokuwa mmoja, ambaye pia gunia lake ni lumbesa la kutosha kumfunika yeye mwenyewe. Anabaki kupanga upya.

Saa 4

Semitrela la Kibaigwa limeingia. Mkaguzi anapanda na bambo, kile chuma cha kutolea sampuli guniani, anachoma magunia ya juu, ya kati na ya pembeni, anachanganya sampuli na kwenda nayo mezani.

Niseme kitu kuhusu mahindi, kwa sababu bila kujua historia yake hutaelewa kwa nini dereva wangu sasa hivi anatembea huku na huko kama anasubiri matokeo ya mtihani.

Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ilisainiwa Machi 2004 na ikaanza kutumika Januari 2005. Kufikia 2010 ushuru kati ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa bidhaa zetu wenyewe ulikuwa sifuri. Mahindi yakitoka nje ya Jumuiya yanatozwa 50% kwa mujibu wa jedwali la pamoja la ushuru, ya Kibaigwa hayatozwi kitu. Kwenye makaratasi mambo ni mazuri. Halafu Machi 2021 mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ikaandika barua: mahindi ya Tanzania na Uganda yasiingie, yana sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Magari yakapanga mstari hapa Namanga. Siku chache baadaye katazo likaondolewa kwa masharti: waingizaji wajisajili, na kila mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Watu wengi hapa bado wanayaweka mambo hayo mawili kwenye kapu moja: katazo na kipimo. Mimi nayatenganisha. Kiwango cha 10 si cha Kenya peke yake, kimo kwenye kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ambacho Tanzania ilikaa mezani ikakikubali. Mkulima anaweza kukijua kabla ya kupanda. Kufunga mpaka kwa barua, bila kupima gari moja moja, ni kuadhibu hata mahindi safi, na hapo mkataba unakuwa umekanyagwa.

Saa 6

Majibu. Sumukuvu iko chini ya kiwango. Dereva anapumua. Kisha mkaguzi, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, ananigeuzia kipima unyevu: asilimia 14.6. Kiwango kinasema usizidi 13.5.

Napiga Nairobi. Mwenye mzigo anawaka. "Hiyo ni kunyanyaswa! Si mliambiwa hakuna vikwazo? Mimi nitaenda kortini!"

Saa 7:30 mchana

Ugali na mbuzi, haraka, huku simu ikiita.

Saa 8

Kuhusu korti, hilo analoongea mteja si upuuzi, kwa hiyo nampigia tena tulizungumze vizuri. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kutoka hapa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama, siyo serikali tu, kupinga sheria au uamuzi wa nchi mwanachama unaovunja Mkataba. Na watu hushinda. British American Tobacco ya Uganda iliishtaki Uganda kwa kutoza sigara zilizotengenezwa Kenya kodi kubwa kuliko za ndani, na mwaka 2019 mahakama ikasema bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kufanywa ya kigeni namna hiyo.

Tatizo ni saa. Una miezi miwili tu ya kufungua shauri tangu jambo litokee au ulijue, na baada ya kufungua, kesi ile ya sigara ilichukua zaidi ya mwaka mmoja. Kampuni ya sigara inaweza kusubiri. Vitunguu vya kina mama wa asubuhi haviwezi. Ndiyo maana nadhani mahakama ile inawasaidia wakubwa zaidi, ingawa mlango wake umeandikwa kwa ajili ya wote.

Na zaidi ya hayo, namwambia, hapa huna kesi. Katazo la 2021 ungeweza kulipeleka. Unyevu wa 14.6 utaupeleka wapi? Kimya kidogo. "Sasa tunafanya aje?"

Saa 9:30 alasiri

Kabla sijamjibu, anaingia mteja kutoka Arusha na ombi la mchele. Ana mchele wa Asia aliouingiza, anataka kuufungasha kwenye mifuko mipya iliyoandikwa Magugu, kunakolimwa mpunga hapa Tanzania, na nimtafutie cheti cha uasili cha Jumuiya ya kuuzia Nairobi. Hesabu yake naielewa. Mchele wa nje ya Jumuiya una ushuru wa pamoja wa 75%, ingawa Kenya huomba ruhusa ya kutoza 35%. Mchele wa Magugu ni sifuri. Pengo hilo ndilo linalozaa maarifa ya namna hii.

Kanuni za uasili za mwaka 2015 ziko wazi: kufungasha upya hakuigeuzi bidhaa kuwa ya kwetu. Mpunga lazima uwe umevunwa huku. Kuna mawakala wa kumfanyia, simfichi, lakini si mimi. Cheti kimoja cha uongo kikigundulika, Kenya itaanza kuutilia shaka kila mchele unaotoka Tanzania, na atakayelala barabarani ni yule mwenye mpunga wake halisi. Anaondoka hajafurahi. Chai niliyomwagizia kaiacha.

Saa 11 jioni

Nimepata ghala upande wa Tanzania lenye sakafu ya saruji na turubai za kutosha. Tunaomba gari lirudi, forodha wanaandika, muhuri. Jua la Namanga ni kali. Siku mbili za kuanika na kugeuza zitatosha kushusha unyevu, kisha kupima, kufungasha na kuanza safari upya. Gharama ya kuli, ghala na siku za gari namtumia mwenye mzigo kwa ujumbe, mstari kwa mstari.

Saa 1 usiku

Anajibu: "Sawa boss. Lakini wale wa Kibaigwa, hawana hiyo mashine ya kupima?"

Wanayo. Namtumia namba ya simu ya mnunuzi wake kule, amuulize kwa nini haikutumika.