Utando wa mafuta kwenye kabati la MDF: nilivyoutoa

Kabati letu jeupe la jikoni, hapa Tanga, lilikuwa limefanya utando wa mafuta na vumbi. Mara ya kwanza nililisugua kwa sponji ngumu na sabuni ya unga, laka (rangi ya juu inayong'aa) ikachubuka. Iliniuma sana.

Safari hii nilitumia maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo na kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri. Nikapitisha cha maji matupu, kisha kikavu papo hapo. Kingo nilizichunga mno: MDF ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, na maji yakipenya penye ufa, MDF huvimba, hairudi tena ilivyokuwa.

Mng'ao umerudi. Mikwaruzo ya zamani ipo palepale.