Dola 185 za Kutazama Paa

Wiki mbili zilizopita nililipa dola 185 ili mtu apande juu ya paa langu, abonyeze vivimbe vichache kwa kidole gumba, kisha ashuke. Hakukaza hata skrubu moja. Karakana yake, hapa Indiana, Marekani, ninapoishi, hutoza saa nzima hata kama fundi ametumia dakika ishirini, na pamoja na ankara hiyo nilikabidhiwa makadirio ya dola 6,400 za kubandua paa lote na kuweka jipya. Msomaji wa Mtwara hahitaji kuambiwa fedha hizo, pale Chuno, zinamfikisha mtu wapi.

Makazi yangu ni karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, niliyoinunua ikiwa imetumika baada ya kuchoshwa na kodi ya chumba. Paa lake halina bati. Chini ni plaiwudi nyembamba iliyofungwa kwa skrubu kwenye papi, na juu yake umegundishwa mpira mweupe uitwao EPDM, ambao ni mwembamba kuliko soli ya kandambili. Gari linapotikiswa barabarani, na mbao zinapovimba kwa unyevu na kusinyaa zikikauka, skrubu hulegea na kupanda kidogo kidogo mpaka kichwa kikausukuma mpira kama jipu. Kichwa hicho kikiutoboa, maji hupenya kimyakimya, na mwenye nyumba huja kuona doa darini wakati mbao zimekwisha kuoza.

Usiku ule, kwa hasira, nilimpigia mjomba wangu, ambaye ameezeka mabati Mtwara mjini na Mikindani tangu sijazaliwa.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mjomba. Huko si usiku? Kuna usalama?”

Nilimtumia picha. Alicheka sana kusikia kwamba nyumba yangu ina matairi, kisha akauliza jambo ambalo yule wa dola 185 hakulitaja popote katika karatasi zake: nikibonyeza kando ya kivimbe, mbao inadidimia au ni ngumu? Nilimjibu kuwa ni ngumu kote. “Basi paa lako ni zima, mjomba. Kilichochoka ni matundu. Usiirudishe skrubu ile ile kwenye tundu lile lile, maana limekwisha kuzoea kuachia.” Ndivyo anavyofanya hata kwa msumari wa bati unaochomoka kwenye papi, kwamba kuugonga tena ni kujidanganya hadi mvua ya Desemba.

Jumamosi nilipanda, nikapiga magoti juu ya ubao ili uzito wangu usikae mahali pamoja. Katika kila kivimbe nilichokigusa nilichana mpira kwa wembe, mchano mdogo wa nusu duara, nikaufunua na kuitoa skrubu. Tundu la zamani nililijaza epoksi, gundi inayokauka na kuwa ngumu, na skrubu mpya, nene zaidi, nikaifunga kando yake kwenye papi ile ile, kichwa kikilala sawa na mbao. Kisha niliurudisha mpira kwa gundi yake, nikausafisha kwa maji ya sabuni, nikasubiri ukauke kabisa, nikabandika utepe wa butili, yaani wa mpira unaonata, uliopita mchano kwa sentimita tano kila upande, na kingo zake nikazipaka dawa nyeupe ya kuzibia, maalumu kwa mapaa haya. Sisi tuliozoea kusafisha kila kitu kwa mafuta ya taa tujihadhari, kwa kuwa mafuta ya jamii ya petroli huuvimbisha mpira huu na kuuharibu. Silikoni ya dukani nayo haiushiki vizuri.

Nilitoa skrubu 14. Vifaa vyote vilinigharimu dola 96, na ngazi pamoja na kigurudumu cha kukandamizia utepe niliazimwa na mzee jirani, Mmarekani ambaye kabla ya siku hiyo tulikuwa tukipungiana mikono tu. Alikataa malipo, akanishikia ngazi muda wote katika baridi ile, tena na miaka yake. Nimelalamika mengi kuhusu nchi hii, lakini hilo nalo niliandike.

Vijana wa Lindi na Masasi wanaoniandikia huuliza mshahara wa hapa ni kiasi gani, wala hawaulizi saa moja ya fundi ni kiasi gani. Kabla hujauza korosho za msimu mzima kwa ajili ya nauli, kaa chuo cha ufundi cha VETA miezi michache ujifunze umeme, bomba au useremala, kwa sababu mshahara unaousifia kwa shilingi utautumia kwa dola, na asiyejua kushika bisibisi huurudisha wote karakana.

Upande wa nyuma, karibu na ngazi ya chuma, kuna vivimbe viwili vidogo ambavyo sikuvigusa. Nimevizungushia chaki, na mjomba ameagiza nimtumie picha ya vivimbe hivyo kila Jumapili.