Jinsi nilivyounganisha vyumba vya handaki langu

Mwishoni mwa 2022, Mmarekani Sean McCoy aliwapa changamoto wabunifu wa michezo ya kuigiza ya mezani, ile ambayo wachezaji hujifanya wahusika wa hadithi na dadu huamua yatakayotokea. Wachore handaki, yaani vyumba vya chini ya ardhi ambavyo wahusika hao huvichunguza: chumba kimoja kwa siku, ghorofa moja kwa mwezi, hadi mwaka uishe una handaki la vyumba 365. Nami nimeianza hapa Dar, na daftari la miraba kutoka Kariakoo.

Vyumba vilikuja, ila kila kimoja kilikaa kivyake. Jini huku, stoo ya karafuu kule, na wachezaji wakikuta mlango umegoma, mchezo unalala.

Dawa ilikuwa maji. Anayepita Jangwani wakati wa masika anajua Mto Msimbazi ukifurika hauombi njia. Basi nikachora mfereji kwa kalamu ya bluu, kutoka ghorofa ya juu hadi ya chini, kisha kila chumba nikakiuliza: maji yakiingia, yanatokea wapi? Stoo ikapanda juu ya boriti za mikoko. Jini akawa mlinzi wa kisima, anadai ushuru wa kila ndoo. (Huyo wachezaji wanamchukia kweli kweli.) Nikaongeza ngazi mbili kila ghorofa, na ushoroba mmoja unaozunguka kurudi ulikoanzia.

Siku ya foleni au ya kukatika umeme naandika mstari mmoja tu: “Giza, popo, harufu ya ng'onda.” Inatosha, mengine dadu itajaza.

Juzi mlango uligoma tena. Hakuna aliyeuhangaikia; walivua viatu wakaingia mferejini.