Poda ya mtoto na mafuta ya taa

Miezi ile Unguja ilipokosa umeme, tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Corolla yangu kuukuu ndiyo iliyochaji simu za nusu ya mtaa wetu Jang'ombe. Magharibi ikiingia natia ufunguo, naiacha ingurume, majirani wanazipanga simu kwenye dashibodi kama dagaa juani. Usiku mmoja jirani akakunja pua: "Bwana, gari yako inaungua."

Ilikuwa oili inayodondokea eksozi. Asubuhi nikakuta doa jeusi chini, pale injini inapoungana na gia boksi.

Fundi wa kwanza hakuinama mara mbili. Sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, akasema. Gia boksi ishuke, laki mbili na nusu. Sili yenyewe bei yake ndogo, unacholipia ni jasho la kuifikia. Nikamwambia nitarudi.

Ami yangu, aliyezeekea kwenye mashine za boti, alicheka. "Oili haipandi, mwanangu, inashuka. Na gari ikienda, upepo unaipeleka nyuma. Wewe umeona inapodondokea, hujaona inapotokea." Akataka vitu viwili: mafuta ya taa na kopo la poda ya mtoto.

Poda haikuwa tabu. Mafuta ya taa siku zile yalitafutwa kama dawa, na chupa pekee iliyokuwemo ndani ilikuwa ya mke wangu, ya kandili. Niliichukua kimya kimya.

Tukasugua injini kwa brashi mpaka chuma kikaonekana, tukaikausha, ami akaimwagia poda kila upande ikawa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Nikaenda nayo mpaka Fuoni na kurudi. Tulipofungua boneti na kumulika kwa tochi, kwenye ule weupe palikuwa na mstari mmoja uliorowa. Ulianzia kona ya kava ya tapeti, kile kifuniko cha injini, juu kabisa, ukateremka upande wa gia boksi hadi pale pale fundi alipopaonesha. Kijimstari kingine kilikata kuelekea eksozi. Chini, kwenye sili ya krenki, poda haikurowa ila kwa kile kilichotoka juu.

Kava ilipong'oka, gasketi, ule ukanda unaoziba kati ya kava na injini, ikakatika vipande mkononi mwangu, ngumu kama plastiki. Aliyetangulia, sijui nani, alikuwa ameipaka silikoni mzunguko mzima. Ami akasonya. Silikoni ni ya kwenye kona tu.

Mimi nikadhani tumemaliza. Yeye akachomoa briza, kile kivalvu cha kupumulia injini, akakitikisa sikioni mwake. Kimya. Kizima hulia, kakaka. Chetu kilikuwa kimeziba kwa masizi, na pumzi isipopata pa kutokea huisukuma oili kwenye sili na gasketi. Tungebadilisha gasketi peke yake, ingeanza tena kuvuja. Tukanunua vyote viwili, nati tukazikaza kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda nje.

Ujira wake ulikuwa simu yake ichajiwe mpaka ijae. Jioni hiyo tulikaa barazani, gari inanguruma, nimetandika boksi chini yake, kavu. Hakuna harufu. Mke wangu akatoka ndani na kandili tupu mkononi.

"Baba Salma, mafuta yangu yako wapi?"

Ami akainuka, akasema anawahi Isha.