Kanuni za Usimamizi mtandaoni: pale somo linapowakwamisha watu

Kanuni za Usimamizi hufundishwa mapema karibu katika kila stashahada na shahada ya biashara. Kwa kuwa maneno yake ni ya kila siku, kama kupanga, kuongoza na kudhibiti, wengi hulidharau. Anayesoma mtandaoni ndiye huponzeka zaidi, maana hakuna mhadhiri wa kumkatiza darasani na kumwuliza, "Haya, na makanga wa matatu ya Ngong, mkubwa wake ni nani?" Anapitia slaidi zote na kuelewa kila sentensi, kisha siku ya mtihani anapewa kisa cha nusu ukurasa na hajui aanzie wapi.

Kwanza jua orodha ipi ni ya nani. Henri Fayol alikuwa mhandisi Mfaransa aliyeanza kazi katika migodi ya Commentry mwaka 1860, akakabidhiwa kampuni nzima mwaka 1888 ikiwa karibu kufilisika, na akachapisha mawazo yake mwaka 1916. Kwake kazi za msimamizi ni 5: kupanga, kupangilia watu na vitu, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Mwaka 1955 Harold Koontz na Cyril O'Donnell wa Marekani nao wakatoa 5, lakini si zile zile: kupanga, kupangilia, kuweka watu kazini, kuelekeza na kudhibiti. Vitabu vingi vya sasa vimebakiza 4. Ukidurusu kwa video tatu za walimu watatu tofauti, utaandika kwamba Fayol alitaja kuweka watu kazini kama kazi inayojitegemea, na alama zitakwenda. Fuata kitabu kilichotajwa kwenye mwongozo wa somo. Chora jedwali la ukurasa mmoja lenye jina, mwaka na orodha ya kila mtu, kisha hizo video zitumie kwa mifano tu. Kama chuo chako hakikutaja kitabu, OpenStax, mradi wa vitabu vya bure wa Chuo Kikuu cha Rice, ina kitabu kizima cha somo hili, cha mwaka 2019, na hukipakua bure.

Kanuni 14 za Fayol mtu hukariri kwa usiku mmoja. Zinazoangusha watu ni zile zinazofanana majina, hasa umoja wa amri na umoja wa mwelekeo. Umoja wa amri unamhusu mtu: mfanyakazi mmoja apokee maagizo kutoka kwa mkubwa mmoja. Umoja wa mwelekeo unahusu kazi: shughuli zote zenye lengo moja ziwe chini ya kiongozi mmoja na mpango mmoja.

Sasa mtazame makanga. Mwenye gari amempigia simu asubuhi kwamba anataka hesabu ya siku ikiwa kamili, kwa hiyo gari lisiondoke kabla ya kujaa. Karani wa sako, yaani ushirika wa wenye magari, hapo stejini anamwambia zamu yake imefika, atoe gari sasa hivi. Dereva anataka waruke foleni, wapakie abiria mbele. Hapo ni wakubwa watatu na maagizo matatu, na lolote atakalofanya atakuwa amewakosea wawili. Huo ndio umoja wa amri uliovunjika, na matokeo yake ni yale yale aliyoyataja Fayol: mamlaka hudhoofika na nidhamu huyumba. Umoja wa mwelekeo utauona sako hiyo ikianzisha huduma ya vifurushi. Ikiwa wenye magari fulani wanapanga bei yao ya vifurushi na ofisi ina bei nyingine, basi lengo ni moja na mipango ni miwili, hata kama kila makanga ana bosi mmoja tu. Anayeweza kueleza visa hivi viwili bila kuvichanganya ameielewa sehemu ngumu kabisa ya mada hii.

Ngazi ya mamlaka nayo huelezwa nusu. Wanafunzi huandika kwamba taarifa lazima ipande na kushuka ngazi kwa ngazi, wakaishia hapo. Fayol mwenyewe aliweka daraja: watu wawili wa ngazi moja katika idara mbili wanaweza kuzungumza moja kwa moja, mradi wakubwa wao wamekubali na wanajulishwa waliyoafikiana. Ukitaja ngazi bila daraja umetoa nusu ya jibu.

Kuhusu idadi ya watu ambao msimamizi mmoja anaweza kuwabeba, wengi huandika "wasiwe wengi sana", na hiyo si hoja. Mwaka 1933 mshauri wa usimamizi V. A. Graicunas alipiga hesabu ya uhusiano wote unaowezekana kati ya msimamizi na walio chini yake: kila mmoja peke yake, kila kikundi, na wao kwa wao. Watu 4 huleta uhusiano 44. Watu 5 huleta 100, na wa 6 akiongezwa idadi inaruka hadi 222. Ukimaliza kuziandika takwimu hizo, ongeza jambo ambalo mtahini analisubiri: fomula huhesabu uhusiano unaowezekana, haisemi hutokea mara ngapi. Kwa hiyo msimamizi wa walinzi 15 wanaofanya kazi ya aina moja anaweza kumudu, na mwenye wahandisi 6 wenye miradi tofauti akalemewa.

Kudhibiti ndiko ninakoona kunastahili muda mwingi kuliko unaopewa. Hatua ni 4: weka kiwango, pima kilichofanyika, linganisha, rekebisha. Chukua kibanda cha chapati Kawangware. Tuseme mwenyewe ameweka kiwango kwamba pakiti ya unga ya kilo 2 itoe chapati 24, na kwa siku hutumia pakiti 5. Jioni anahesabu 100 badala ya 120. Chapati 20 hazipo, na kwa shilingi 20 kila moja, hizo ni shilingi 400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 10,400, na watu wengi wa mtaa huo hulipa kodi ya nyumba kwa pesa pungufu ya hizo.

Mwanafunzi wa haraka hapo hukimbilia "rekebisha" na kuandika kwamba mpishi aonywe. Lakini kulinganisha hukupa pengo tu, hakukupi chanzo. Huenda madonge yanakatwa kwa macho na mkono wa mpishi wa asubuhi ni mzito. Dawa yake ni mizani. Huenda chapati zinaliwa hapo hapo bila kuandikwa. Dawa yake ni daftari. Au huenda kiwango chenyewe ndicho kibovu: wateja walikataa chapati ndogo, zikakuzwa, na bei haikuguswa. Hapo kinachorekebishwa ni kiwango au bei, na mpishi hana kosa. Uwezekano huo wa tatu wengi huusahau. Kisha tenganisha udhibiti kwa wakati: kupima donge ni kabla, kuangalia chapati zikiwa motoni ni wakati wa kazi, kuhesabu jioni ni baada. Wa jioni ndio rahisi kuufanya, ila unga umeshakwisha.

Kwenye mada ya motisha kuna makosa yanayosambaa mtandaoni. Mwanasaikolojia Abraham Maslow alieleza ngazi za mahitaji ya binadamu mwaka 1943, lakini ile piramidi haimo katika makala yake. Ilichorwa na wengine baadaye. Mwenzake Frederick Herzberg, mwaka 1959, aliuweka mshahara hasa upande wa mambo yanayozuia manung'uniko, si yanayotia ari, na wanafunzi wengi hugeuza. Nayo majaribio ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, yalianza mwaka 1924 kwa kupima athari ya mwanga wa taa kwenye kazi, kabla hajafika Elton Mayo, mtafiti ambaye jina lake huhusishwa nayo. Usiandike kwamba uzalishaji ulipanda kwa sababu tu wafanyakazi walitazamwa. Katika chumba maarufu cha wanawake waliounganisha vifaa vya simu, hata namna ya kulipwa ilibadilishwa, kwa hiyo wapo wanaopinga hitimisho hilo hadi leo.

Sasa ratiba. Vyuo vingi vya hapa Kenya huhesabu somo moja kuwa saa 42 hadi 45 za mafundisho, yaani kama saa 3 kwa wiki. Ongeza angalau 3 nyingine za kwako. Pakua slaidi na kitabu mwanzoni mwa juma ukiwa kwenye waifai, na video ziweke 360p. Mhadhiri anayesoma slaidi hahitaji picha kali imalize bando lako. Kila wiki chukua kanuni mbili na umweleze mtu wa nyumbani kwa Kiswahili, bila kutumia neno la Kiingereza la kanuni hiyo. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini ukishindwa kueleza kwa lugha ya nyumbani, basi umeshika jina tu.

Karatasi ya kawaida ya vyuo vyetu ina alama 70: swali la kwanza la lazima lina 30, kisha unachagua mawili ya 20. Kazi za muhula hubeba 30 zilizobaki. Swali la alama 10 mara nyingi ni hoja 5, alama moja ya kutaja na moja ya kueleza, kwa hiyo hoja 9 zisizoelezwa hazikufikishi mbali. Ukiulizwa ujadili, toa pande zote mbili.

Kazi ikihitajika saa tano na dakika 59 usiku, iwasilishe kufikia saa kumi jioni, kabla stima haijapotea na kabla Moodle, mfumo wa kuwasilishia kazi, haijalemewa na wenzako. Baada ya kupakia, fungua faili lile lile kutoka ndani ya mfumo uone kama ni lenyewe, kisha piga picha ya skrini yenye saa. Anayesoma chuo cha New York ahesabu pia tofauti ya saa: saa tano na dakika 59 usiku wa Jumapili kule ni Jumatatu saa moja na dakika 59 asubuhi hapa Nairobi. Lakini kuanzia Machi hadi Novemba, wao wakisogeza saa zao mbele, ni saa kumi na mbili na dakika 59.